KING'AMUZI CHA KUKODI KIKIHARIBIKA, VIPINDI TULIVYOREKODI TUTAVIPATAJE?



Leo tunataka kuzungumza juu ya king'amuzi. Wengi wetu tunakifahamu. Ni kile kisanduku kinachokaa karibu na televisheni. Kazi yake ni kupokea mawimbi kutoka kwenye dishi au antena, na kuyageuza yawe picha na sauti. Hapa Tanzania visanduku hivi vilienea sana baada ya tarehe 31 Desemba 2012. Siku hiyo mitambo ya zamani ya kurushia matangazo ya televisheni ilianza kuzimwa, kuanzia Dar es Salaam.

Viko ving'amuzi vinavyoonyesha tu. Viko pia vinavyoonyesha na kurekodi. Hivi vya pili vina bei kubwa, kwa hiyo watu wengine huvikodi. Sisi pia tulikikodi. Kisha kikaharibika, na ndani yake kulikuwa na kitu ambacho hatukutaka kukipoteza. Tumeona tuwaeleze wenzetu yaliyotupata na tuliyojifunza.

YALIYOTUPATA

Sisi ni kikundi cha wakulima katika kijiji kimoja cha Mkoa wa Mwanza. Tulianza kukutana katika darasa la kisomo, na mpaka leo tunakutana kila Jumatano na Jumamosi jioni. Tunasoma, tunalima shamba la pamoja, na tunacheza bugobogobo, ile ngoma ya majembe ya Wasukuma. Umeme wa REA ulipofika kijijini tulichanga fedha tukanunua televisheni. Fedha ya king'amuzi kinachorekodi hatukuwa nayo. Tukakikodi kwa mwenye duka mmoja mjini, kwa malipo ya kila mwezi.

Siku moja watu wa televisheni walikuja kupiga picha ngoma yetu. Kipindi kilipotangazwa, tulikirekodi. Ndani yake manju wetu, yaani mzee aliyetunga nyimbo zetu nyingi, alizungumza kwa dakika kama saba. Alieleza jinsi baba yake alivyomfundisha kupiga ngoma. Miezi minane baadaye mzee wetu alifariki.

Basi watu wakawa wanakuja kuomba kumwona na kumsikia. Wajukuu zake walikuja mara nyingi. Mjane wake alikuja mara moja tu. Alikaa nyuma ya chumba, akasikiliza mpaka mwisho, akaondoka bila kusema neno.

Usiku mmoja wa mvua umeme ulikatika na kurudi mara tatu. Asubuhi king'amuzi kilikuwa kigonjwa. Taa nyekundu iliwaka, skrini ikaandika maneno, kisha kikazima chenyewe.

Loo! Kila mtu alikuwa na dawa yake. Mmoja alisema tukifungue. Mwingine alisema tukipige kofi, kama redio za zamani. Tulipokiwasha tena, kijana mmoja akashika rimoti.

"Baba," alimwambia mwenyekiti, "kinauliza jambo hapa. Kinataka nibonyeze ndiyo."

Katibu wetu, mama anayependa sana kusoma, akamzuia. "Subiri kwanza, mwanangu. Tusome tujue kinauliza nini."

Maneno yalikuwa ya Kiingereza. Tuliyaandika kwenye karatasi, tukayatafuta katika kamusi moja baada ya jingine. Kumbe kilikuwa kinauliza kama tunakubali kufuta vyote vilivyomo ili kianze upya! Kijana angebonyeza, sauti ya mzee wetu ingefutika papo hapo. Tulikizima, tukachomoa waya, tukamwita fundi.

KIPINDI KINAKAA WAPI?

Fundi alianza kwa kutufundisha. Alisema kwamba ndani ya king'amuzi kinachorekodi kuna chombo kinachoitwa diski. Diski ina sahani ngumu, nyororo, inayozunguka kwa kasi sana. Nyingi za aina hii huzunguka mara 5400 kila dakika. Juu ya sahani kuna mkono mdogo wenye kichwa cha kuandika na kusoma. Kichwa hicho hakigusi sahani. Hupita juu yake kwa nafasi ndogo mno, ndogo kuliko unene wa unywele.

Sasa fikiri, ndugu msomaji. Ukikitikisa au kukiangusha kisanduku wakati sahani inazunguka, kichwa kinaweza kugonga sahani na kuikwaruza. Pale palipokwaruzwa, picha haisomeki tena. Ndiyo maana kofi lililofaa redio ya babu halifai hapa. Umeme wa kukatika na kurudi nao una madhara, kwa sababu unaweza kukikuta kichwa katikati ya kazi.

KUFULI LISILOONEKANA

Tukamwuliza fundi, "Kama diski ndiyo yenye vipindi, si uitoe tu uitie katika king'amuzi kingine?"

Akatujibu, "Wazee wangu, diski ni kama ghala lililofungwa. Ufunguo wa ghala hilo umo ndani ya king'amuzi hikihiki, na vingine hutaka na kadi yake pia. Nikiihamisha, hicho kingine hakitakuwa na ufunguo. Tena kinaweza kutaka kuifuta kwanza."

Hili lilitushangaza. Zamani mambo hayakuwa hivi. Kanda za video za VHS, zilizoanza kuuzwa Japani mwaka 1976, ziliwekwa katika mashine yoyote ya VHS. Mashine yako ikifa, ulichukua kanda yako ukaenda nayo kwa jirani. Lakini visanduku vyenye diski, ambavyo vilianza kuuzwa Marekani mwaka 1999, vilibadilisha mambo. Siku hizi ving'amuzi vingi vya kulipia huandika vipindi kwa siri. Makampuni yanafanya hivyo kwa sababu hayataki watu wanakili mpira na filamu na kuziuza.

Kwa hiyo hata fundi hodari mwenye kompyuta, akiitoa diski hiyo nzima, ataona tu alama zisizo na maana. Mtu akikuambia, "Nipe fedha nikufungulie," uwe mwangalifu.

Viko ving'amuzi vingine, vya bei nafuu, vinavyorekodi kwenye flashi inayochomekwa kwa nje. Baadhi yake haviweki kufuli, na flashi hiyo husomeka hata kwenye kompyuta. Vingine huweka kufuli vilevile. Njia ya kujua ni rahisi. Rekodi dakika mbili, kisha jaribu flashi hiyo mahali pengine. Jaribu mapema, kabla hujarekodi jambo la maana.

YA KUFANYA KIKIHARIBIKA

Haya ndiyo aliyotufundisha fundi, na mengine tuliyajua kwa kupata hasara.

1. Usibonyeze "ndiyo" kabla ya kuelewa. Kikiuliza kama kifute, au kirudi kama kilivyotoka kiwandani, jibu hapana. Ving'amuzi vingine vina njia mbili za kuanza upya. Moja huacha vipindi, nyingine hufuta vyote. Soma mara mbili. Kama ni lugha usiyoijua, andika maneno hayo kwenye karatasi na umwulize anayeijua.

2. Tazama mambo madogo kwanza. Je, soketi ina umeme? Waya zimekaza? Je, televisheni yenyewe ni nzima? Chomoa king'amuzi, kiache dakika kumi kipoe, kisha ukichomeke tena. Kama kilikaa mahali pa joto au kimefunikwa kitambaa, kitoe hapo.

3. Angalia chaja yake. Mara nyingi kinachokufa ni chaja, na diski iko salama. Lakini usichomeke chaja yoyote unayoiona. Soma namba zilizoandikwa juu yake. Volti lazima ziwe zilezile, na ampia zisiwe pungufu. Volti zikizidi, utaunguza kisanduku chote.

4. Usikifungue. Kwanza, si chako. Mwenyewe akikuta kimefunguliwa anaweza kukudai gharama. Pili, ni hatari. Baadhi huingiza umeme wa nyumbani moja kwa moja ndani, na sehemu nyingine hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa waya.

5. Sikiliza. Ukisikia mlio wa "tak, tak, tak", diski ni mgonjwa. Kila dakika ya kuwaka inaweza kuongeza ugonjwa. Usikiwashe kwa kujaribujaribu. Kiwashe tu ukiwa tayari kuokoa.

6. Okoa kilicho cha maana kuliko vyote, tena kwanza. Njia iliyo rahisi kwetu ni simu. Ifunge simu mahali isipotikisika, mbele ya televisheni. Ziba mwanga wa madirisha, nyamazisha watoto, kisha cheza kipindi huku simu ikirekodi. Picha haitakuwa safi sana, lakini ni afadhali kuliko kukosa. Njia nyingine ni kutumia zile waya tatu, ya njano, nyekundu na nyeupe, kupeleka picha na sauti kwenye mashine nyingine ya kurekodi, kama kisanduku chako kina matundu yake. Kwa njia zote mbili, kipindi cha saa moja kitachukua saa moja. Hakuna njia ya mkato.

7. Mwambie mwenye king'amuzi kabla ya kukirudisha. Mwulize, "Je, mtakitengeneza hikihiki, au mtanipa kingine?" Mara nyingi hupewa kingine, na vipindi havihami. Ukirudisha, dai risiti yenye tarehe.

Nchi kama Uingereza na Marekani zina mambo hayohayo. Huko watu wengi hukodi kisanduku moja kwa moja kwa kampuni. Mkataba ukiisha, au kisanduku kikiharibika, hukirudisha, na vilivyorekodiwa huenda nacho. Umelipia kukitumia kisanduku. Hukukinunua.

SISI TULIPATA NINI?

Fundi alijaribu chaja nyingine yenye volti zilezile. King'amuzi kikawaka! Tulipiga makofi. Lakini tukasikia, "tak, tak." Haraka tukafunga simu kwenye kiti, tukacheza kipindi cha manju wetu. Kilikwenda dakika mbili. Mzee alitokea, akasalimia, akaanza kusema, "Baba yangu alinipa ngoma hii..." Hapo picha ikaganda. Baada ya hapo hakikuwaka tena.

Tulikirudisha mjini. Mwenye duka alitupokea vizuri, akatupa kingine. Tulipomwuliza juu ya vipindi, alitikisa kichwa. "Poleni sana," alisema. "Hicho kinarudi kwa wenyewe. Vilivyomo siwezi kuvitoa."

Tulirudi kijijini kimya.

Jumamosi iliyofuata katibu wetu alikuja na daftari. Ni daftari la kawaida, lenye jalada lililochakaa. Kumbe tangu mwanzo alikuwa anaandika humo baadhi ya vipindi tulivyorekodi: jina la kipindi, kituo cha televisheni, siku, tarehe na saa. Hatukujua. Mwenyewe alisema alikuwa anafanya zoezi la kuandika, asije akasahau herufi.

Ndipo tukafikiri. Kipindi kilikuwa ndani ya king'amuzi, ndiyo. Lakini hakikuzaliwa humo. Kilitoka kwenye kituo cha televisheni. Je, wao hawana nakala?

Tuliandika barua. Baada ya wiki tano tulijibiwa kwamba kipindi kipo, tupeleke flashi na kulipa gharama ndogo ya kunakili. Wawili kati yetu walisafiri. Waliporudi tulijaa chumba kizima. Safari hii mjane wa mzee alikaa mbele.

Lakini si vyote tulivyopata. Tulikuwa tumerekodi pia somo la mihogo, lililofundisha namna ya kutambua ugonjwa wa batobato na ule wa michirizi ya kahawia, na kuchagua mbegu safi. Somo hilo lilirekodiwa siku ambayo katibu wetu alikuwa msibani, na hakuna aliyeandika. Tulipeleka barua. Wakatuuliza, "Kipindi gani? Tarehe gani?" Hatukuwa na jibu. Mpaka leo hatujalipata. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

HATA WAKUBWA HUPOTEZA

Msidhani mambo haya huwapata watu wa vijijini tu. Mwezi Julai 1969 binadamu alikanyaga mwezini kwa mara ya kwanza, na dunia ikatazama kwa televisheni. Lakini mwaka 2009 NASA, shirika la Marekani la safari za anga, lilieleza kwamba kanda zake za awali, zenye picha bora kuliko zilizotangazwa siku ile, inaelekea zilifutwa na kutumiwa kurekodia mambo mengine. Basi wataalamu walifanya nini? Walitafuta nakala za matangazo zilizokuwa zimehifadhiwa na vituo vya televisheni, wakazisafisha. Nao, kama sisi, walipata kwa mwingine kile walichokosa kwao.

JINSI YA KUANDIKA BARUA

Barua ya kuomba nakala iwe fupi na yenye mambo yote. Tunatoa mfano:

Mkurugenzi,
Kituo cha Televisheni ...........

Ndugu,

Sisi ni kikundi cha ........... wa kijiji cha ..........., wilaya ya ............ Tarehe ..........., siku ya ..........., saa ..........., mlitangaza kipindi kiitwacho ............ Ndani yake alionekana mzee wetu, ambaye sasa ni marehemu. Nakala yetu imepotea kwa sababu king'amuzi kiliharibika. Tunaomba nakala kwa ajili ya familia na kikundi chetu. Hatutaiuza wala kuitangaza. Tafadhali tuelezeni gharama na utaratibu.

Wenu,
........... (Katibu)
Simu: ...........

Andikeni barua mbili zilizo sawa. Moja ipelekeni, nyingine itunzeni. Tena msichelewe, maana hata vituo huweza kufuta. Ulizeni pia kama kipindi kimewekwa kwenye intaneti. Vituo vingi siku hizi huweka baadhi ya vipindi YouTube, na kijana mwenye simu nzuri anaweza kuwatafutia.

Kama mna malalamiko juu ya kampuni ya king'amuzi, iandikieni kampuni yenyewe kwanza. Msipopata haki, mnaweza kupeleka malalamiko kwa TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

TUFANYEJE SIKU ZIJAZO?

Siku hizi sisi tuna kanuni nne. Kila kinachorekodiwa kinaandikwa kwenye daftari siku ileile, na kila mwanakikundi anajua daftari linakaa wapi. Kilicho cha maana kinanakiliwa ndani ya wiki moja kwa simu. Nakala zinakaa mahali pawili, katika nyumba mbili, kwa sababu hata flashi hufa. Na mvua ikitishia, king'amuzi kinazimwa na kuchomolewa.

Kanuni ya tano hatujaiandika, lakini tumeianza. Wazee wetu walio hai hatungojei watu wa televisheni. Tunakaa nao, tunawarekodi kwa simu zetu, na maneno yao tunayaandika kwa kalamu. Wiki iliyopita tulikuwa kwa bibi mmoja anayejua nyimbo za kupalilia. Ametuimbia tatu. Ametuambia turudi Jumatano, nyingine bado anazikumbukakumbuka.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Kwa nini diski ya king'amuzi kimoja haisomeki katika king'amuzi kingine?
2. King'amuzi kikiuliza kama kifute vyote, utafanya nini?
3. Kwa nini si vizuri kufungua king'amuzi cha kukodi?
4. Katika kijiji chenu kuna sauti au picha gani ambayo iko mahali pamoja tu? Mtaiokoaje?
5. Andikeni kwenye daftari vipindi vitatu mtakavyotazama wiki hii. Andikeni jina, kituo, siku, tarehe na saa.